Kuanza Aljebra Darasani: Kutoka Njiti za Kiberiti hadi (a + b)²

Kila muhula unapofunguliwa, walimu wapya wa Hisabati huuliza maswali yale yale. Aljebra nianzie wapi? Mbona watoto walikuwa wanazidisha na kugawanya vizuri tu, ilipoingia herufi darasa zima likanyamaza? Na lile la mwisho, ambalo huulizwa kwa uchovu: nimewaandikia kanuni ya (a + b)² ubaoni, wameikariri, kesho yake wananiletea a² + b². Nifanyeje?

Mwongozo huu ni wako wewe unayefundisha darasa la sita na la saba, au kidato cha kwanza na cha pili. Mzazi anayekaa na mtoto mezani jioni naye anaweza kuufuata. Njia ya mkato hamna humu. Kuna mpangilio tu, ambao ukifuatwa, mtoto anafika kwenye (a + b)² akiwa ameshaona kwa macho yake kwamba vipande ni vinne, si viwili.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kanuni hizi hazikaririwi kwanza zikaeleweka baadaye. Kila moja ni njia mbili za kuhesabu kitu kimoja. Mtoto akilipata hilo kwenye njiti za kiberiti, kwenye mabano hatapata shida kulitambua.

Vitu vya kuandaa

- Viberiti viwili au vitatu. Vijiti vya ufagio vilivyokatwa sawasawa navyo vinafaa.
- Karatasi ngumu ya A4 (manila au ubavu wa boksi), moja kwa kila kundi la watoto watano au sita.
- Mkasi, rula, penseli, na daftari la hesabu lenye miraba.
- Vipindi nane hadi kumi vya dakika 40. Ukitaka kumaliza yote kwa vipindi vitatu, utayarudia yote muhula ujao.

Kwenye ile karatasi ngumu, kata vipande vya aina tatu. Miraba mikubwa miwili yenye upande wa sentimita 9.3, kanda kumi zenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 9.3, na miraba midogo kumi na miwili yenye upande wa sentimita 2. Vyote vinatoka kwenye A4 moja na mabaki yanabaki. Mraba mdogo ni 1, ukanda ni x, mraba mkubwa ni x².

Kwa nini 9.3, si 8 au 10? Kwa sababu watoto watapanga miraba midogo kando ya ukanda kuona inaingia mingapi. Ukikata 8 wataona inaingia minne kamili, na tangu hapo x kwao ni 4 na hutawatoa. Kwa 9.3, minne inapungua na mitano inazidi. Ndivyo tunavyotaka: urefu upo, ila hatuujui.

Hatua ya 1: Pima kabla hujafundisha

Andika maswali manne ubaoni, dakika kumi, bila kikokotoo:

7 − 10
(−3) × (−4)
2 + 3 × 4
8 + 4 = ☐ + 5

Mbili za kwanza zinakuonyesha kama namba hasi zimekaa. Anayejibu 20 kwenye la tatu amesahau MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), na huyo mabano yatamtesa. Lakini tazama zaidi lile la nne. Utakuta wengi wameandika 12, na wachache 17. Jibu ni 7. Mtoto anayeandika 12 anaisoma alama ya = kama amri ya "toa jibu", wakati aljebra yote inategemea aione kama kauli kwamba upande huu na ule ni sawa. Kama zaidi ya robo ya darasa wamekosa hapo, tumia kipindi kizima kwa maswali kama 15 = ☐ + 7, au "Je, 5 + 5 = 4 + 6 ni kweli?" Usione unapoteza muda.

Hatua ya 2: Anza na njiti, herufi zisubiri

Panga mraba mmoja kwa njiti nne. Ongeza mraba wa pili ubavuni, unaotumia njiti ya pembeni ya ule wa kwanza. Sasa njiti ni 7. Wa tatu, njiti 10. Halafu uliza: miraba 100 iliyopangwa hivi kwenye mstari mmoja itahitaji njiti ngapi?

Waachie. Usidokeze. Atakuwepo atakayesema 400, wenzake watamkatalia wenyewe. Majibu sahihi yote yatakuwa 301, ila njia zitatofautiana, na hizo njia ndizo unazozitafuta:

Wa kwanza anasema: mraba wa mwanzo njiti 4, halafu 99 iliyobaki kila mmoja 3.
Wa pili: njiti moja ya kuanzia, kisha kila mraba unaongeza 3.
Wa tatu: 100 za juu, 100 za chini, na 101 zilizosimama.
Wa nne: kila mraba ningempa 4, halafu nitoe zile 99 nilizozihesabu mara mbili.

Sasa sema: miraba si 100 tena, ni n. Waandike vile vile walivyofikiri. Utapata 4 + 3(n − 1), 1 + 3n, n + n + (n + 1), na 4n − (n − 1). Uliza nani amekosea. Hakuna aliyekosea. Andika mitajo hiyo minne kwenye manila uibandike ukutani. Tutairudia kwenye hatua ya 9.

Hatua ya 3: Herufi ni namba, si tunda

Hapa ndipo walimu wengi, na hata vitabu vingine, hujichimbia shimo. "3m + 2n ni maembe matatu na nanasi mbili, hatuwezi kuyajumlisha." Inaingia akilini haraka, ndiyo maana inapendwa. Kisha wiki ya pili unaandika mn, na mtoto anajiuliza embe mara nanasi ni kitu gani. Unaandika m², anawaza embe la mraba. Huna pa kutokea.

Sema hivi: m ni bei ya embe moja. Basi 3m ni bei ya maembe matatu, na 3m + 2n ni pesa utakayotoa sokoni. Embe likiwa shilingi 500 na nanasi 2,000, unatoa 5,500. Bei ni namba. Inazidishwa, inajumlishwa, inapanda na kushuka. Ikiwezekana, usichague herufi ya mwanzo ya jina la kitu hata kidogo. Tumia x na p, mkanganyiko unapungua.

Kisha wape sentensi za kugeuza kuwa mitajo, chache lakini zenye mtego:

- Toa 5 kwenye x. (x − 5, wengi huandika 5 − x kwa kufuata mpangilio wa maneno.)
- Jumlisha 4 kwenye x, kisha jibu lizidishe kwa 3. (Hapa mabano yanajidai yenyewe: 3(x + 4).)
- Nusu ya namba, pungufu ya 1.

Hatua ya 4: Kuweka namba badala ya herufi

Sheria moja tu, nayo haina ruhusa ya kuvunjwa: kila herufi inapotoka, namba inaingia ikiwa ndani ya mabano. Kama x = 3, basi 2x ni 2(3), yaani 6. Asiyeweka mabano huandika 23. Kama x = −3, basi x² ni (−3)², yaani 9; na −x² ni −(−3)², yaani −9. Mwenye mabano haoni shida. Asiye nayo anabahatisha.

Mazoezi kumi yanatosha. Nusu yake yawe na namba hasi.

Hatua ya 5: Kukusanya vipande vinavyofanana

Toa zile karatasi ulizokata. Mwambie mtoto aweke mezani 2x + 3: kanda mbili, miraba midogo mitatu. Mara nyingi mazungumzo huenda hivi:

"Jumla yake?"
"5x, Mwalimu."
"Nionyeshe 5x."

Anahesabu kanda tano kutoka kwenye rundo, anaziweka kando ya zile mbili na miraba mitatu midogo. Anatazama. Wala huhitaji kusema neno. Kama bado anabisha, mpe x = 10: upande mmoja 23, mwingine 50.

Kosa hili lina mzizi wake. Tangu darasa la kwanza jibu limekuwa kitu kimoja, hakuna swali lililoishia na alama ya kujumlisha katikati. Mtoto anahisi 2x + 3 haijaisha. Mwambie waziwazi kwamba imeisha, hilo ndilo jibu.

Baada ya hapo nenda kwenye 4x + 2 + x + 5, kisha x² + 3x + 2x + 6. Ukanda hauunganiki na mraba mkubwa kwa kuwa maumbo ni tofauti, na mtoto anaona kwa nini x² na x hazichanganywi.

Hatua ya 6: Mabano moja

Chora mstatili wenye upana 3 na urefu x + 4. Ugawe kwa mstari pale x inapoishia. Eneo la kushoto ni 3x, la kulia ni 12. Kwa hiyo 3(x + 4) = 3x + 12. Anayeandika 3x + 4 ameisahau pande ya kulia. Mwulize eneo lake limekwenda wapi.

Namba hasi mbele ya mabano ndiyo inayoua. −2(x − 5) ni −2x + 10, na −(x − 3) ni −x + 3. Usiichore hii, michoro ya eneo hasi inachanganya. Waandike 1 iliyofichika, −1(x − 3), wazidishe kimoja kimoja, kisha wapime kwa x = 10: −(7) ni −7, na −10 + 3 ni −7. Tabia ya kupima kwa namba ianze hapa, kila swali, hadi waudhike nayo.

Hatua ya 7: Mabano mawili

Anza na kitu wanachokijua: 23 × 14. Chora mstatili, upande mmoja 20 na 3, mwingine 10 na 4. Vyumba vinne: 200, 80, 30, 12. Jumla 322. Ndivyo walivyozidisha tangu darasa la nne, ila sasa wanaona ndani yake.

Halafu badilisha: upande mmoja x na 2, mwingine x na 3. Wajenge kwa karatasi kwanza. Mraba mkubwa mmoja kona ya juu kushoto, kanda tatu kulia kwake, kanda mbili chini yake, na kona inayobaki inajazwa na miraba midogo sita. Mstatili unafunga bila pengo. Kisha wachore jedwali la vyumba vinne daftarini:

| | x | 3 |
|---|---|---|
| x | x² | 3x |
| 2 | 2x | 6 |

(x + 2)(x + 3) = x² + 5x + 6.

Njia hii ya kuchora eneo ni kongwe. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, alieleza kila kitu kwa maneno na kwa michoro ya miraba, herufi hakutumia. Kwa hiyo mtoto anayekwambia "Mwalimu, mimi naelewa nikichora" usimwone yuko nyuma.

Jedwali litumike hata watoto wakishazoea. Mishale ile ya "cha kwanza kwa cha kwanza, cha mwisho kwa cha mwisho" inafanya kazi kwa vipande viwili kwa viwili tu. Mabano ya vipande vitatu yakija, jedwali linaongeza safu, mishale inapotea njia.

Hatua ya 8: Kanuni tatu, moja baada ya nyingine

*(a + b)².* Kila mtoto akate mraba wa sentimita 10 kwa 10. Apime sentimita 7 kila upande achore mistari miwili inayokatana. Vyumba vinne: 49, 21, 21, 9. Jumla 100. Sasa uliza: aliyesema 7² + 3² amepata ngapi? 58. Sentimita za mraba 42 zilizobaki ziko wapi? Watazionyesha kwa kidole: ile mistatili miwili. Wazikate, wazibandike daftarini, na chini yake waandike (a + b)² = a² + 2ab + b². Kanuni iandikwe baada ya karatasi, isiitangulie.

*(a − b)².* Hii sikati. Kuna kona inayotolewa mara mbili na kurudishwa mara moja, na nguvu nyingi inapotea kuieleza. Tumia jedwali, −b ikikaa mahali pa b: a² − ab − ab + b². Kisha wape 98². Ni (100 − 2)² = 10,000 − 400 + 4 = 9,604. Mmoja ashike simu yenye kikokotoo, mwenzake atumie kichwa, washindane.

*a² − b².* Nzuri kuliko zote, na inafaa kipindi kizima. Mraba mwingine wa sentimita 10. Kwenye kona moja, kata uondoe mraba wa sentimita 4. Umbo lililobaki ni kama herufi L, na eneo lake ni 100 − 16 = 84. Waulize: nani anaweza kuligeuza hili kuwa mstatili kwa kukata mara moja tu? Waache wahangaike. Mkato ni ule unaoendeleza ukingo wa shimo hadi upande wa pili: unapata kipande cha 10 kwa 6 na kingine cha 6 kwa 4. Kigeuze cha pili, kiunge kwenye upande wa 6 wa kile cha kwanza. Mstatili wa 14 kwa 6. Na 14 ni 10 + 4, 6 ni 10 − 4.

(a + b)(a − b) = a² − b². Sasa 103 × 97 ni 10,000 − 9, yaani 9,991, na 19 × 21 ni 399. Wataitumia hata dukani.

Hatua ya 9: Daima, mara nyingine, kamwe

Andaa kadi zenye kauli kama hizi, makundi yazipange mafungu matatu:

2(x + 3) = 2x + 6
2x + 3 = 11
x + 1 = x + 2
x² = 2x
(x + 1)² = x² + 1
4n − (n − 1) = 3n + 1

Ya kwanza na ya mwisho ni kweli kwa namba yoyote. Huo ni usawa wa daima, na (a + b)² imo kwenye fungu hilo. Pia mitajo minne ya njiti iliyoko ukutani. Ya pili ni mlinganyo, kweli kwa x = 4 pekee. Ya tatu, kamwe.

Onyo kubwa: wakizoea kupima kwa 0, 1 na 2 wataumia. x² = 2x inakubali kwa 0 na kwa 2. (x + 1)² = x² + 1 inakubali kwa 0. Waamuru wapime kwa 3, kwa 5, na kwa namba hasi moja. Na waelewe kwamba namba moja ikikataa, kauli ya "daima" imeanguka. Namba mia zikikubali bado hujathibitisha, lazima ufungue mabano.

Yanayokwama mara nyingi

*Anaandika x × x = 2x.* Muulize 5 × 5 na 5 + 5. Usimpe 2, atakushinda.

*Swali ni "rahisisha 3x + 6", anajibu x = −2.* Amezoea kutafuta x, kwa hiyo ameongeza "= 0" isiyokuwepo. Mwonyeshe kwamba hakuna alama ya =, basi hakuna aliyeuliza x ni ngapi.

*Anajua kwa karatasi, daftarini anakosea.* Umeziondoa karatasi mapema mno. Rudi kwenye mchoro wa vyumba kwa siku mbili tatu.

*Darasa lina watoto themanini na mkasi ni mmoja.* Kata mwenyewe vipande vikubwa vya kubandika ubaoni, wao wachore kwenye daftari la miraba. Ile L ya hatua ya 8 inachorwa vizuri tu kwenye miraba.

*Kidato cha kwanza lugha imegeuka.* Mtoto anajua kufungua mabano ila haelewi swali la Kiingereza linamtaka nini. Bandika manila yenye safu mbili, amri za maswali kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ikae ukutani mwaka mzima.

*Mmoja amemaliza yote na anasumbua wenzake.* Mpe (a + b + c)² kwa jedwali la vyumba tisa. Akimaliza, mwambie 7 × 7 ni 49 na 6 × 8 ni 48. Aeleze kwa nini hilo hutokea kwa kila namba.

Jaribio la kufungia

1. Kama x = −2, tafuta x² − 3x.
2. Fungua mabano na urahisishe: 5 − 2(x − 3).
3. Fungua (x + 6)².
4. Bila kuzidisha kwa kupanga wima: 204 × 196.
5. Daima, mara nyingine au kamwe? (x + 3)(x − 3) + 9 = x².

Majibu: 10, 11 − 2x, x² + 12x + 36, 39,984, daima.

Makosa yenyewe yatakueleza pa kurudi. Kwenye la 1, aliyepata −2 amepoteza alama kwenye −3x, aliyepata 2 amekosea (−2)². Wote warudi hatua ya 4. Kwenye la 2, aliyeandika 3x − 9 ametoa 2 kwenye 5 kabla ya kuzidisha, hiyo ni MAGAZIJUTO. Aliyeandika −1 − 2x ni alama, arudi hatua ya 6. Kama theluthi ya darasa wamekosa la 2, usiingie kwenye kutafuta vigawo vya mitajo bado, maana huko maswali mengi yana alama ya kutoa.